Alikimbilia

"Kutoka tumboni, si kooni," Sajini alisema, akimgusa yule binti kwa kidole kimoja juu kidogo ya kitovu. "Hapa. Vuta pumzi mpaka pajae, halafu fungua mdomo kama mtu anayetaka kumeza chungwa zima. Haya, tena."

Binti akavuta pumzi, akafumba macho, akakaza ngumi. "Mwizi," akasema.

Wenzake waliokaa kwenye nyasi wakaangua kicheko. Walikuwa wamekwisha kumpa jina la Kengele, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia.

"Huyo mwizi atakuonea huruma," alisema mmoja wao, msichana mcheshi wa masomo ya maabara aliyekuwa hakosi neno. "Atakurudishia simu yako na nauli juu."

"Msimcheke," Sajini akasema, ingawa mwenyewe alikuwa akitabasamu. "Sauti ni kama mguu. Usipoitembeza, inakufa ganzi. Kaa, mwanangu, utajaribu tena na wenzako."

Uwanja ule ulikuwa nyuma ya bweni la wasichana, umezungukwa na ua wa michongoma uliokatwa usawa wa mabega. Upande wa pili wa ua ilipita njia ya kutoka lango kuu kwenda maktaba, na ng'ambo ya njia yalisimama mabweni ya wavulana, nguo zimeanikwa kwenye kila dirisha. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Ndiyo saa ambayo wanafunzi hutoka darasani, wakavua viatu na kujitupa kitandani kabla ya chakula.

Sajini alikuwa mwanamke aliyeitumikia polisi mpaka akastaafu, na chuo kikamchukua awe msimamizi wa walinzi na mkufunzi wa usalama. Kazi yenyewe aliianza kwa kusikiliza. Alimsikiliza msichana aliyeburutwa kwenye vichaka nyuma ya maktaba akipiga kelele "Nisaidieni!" mpaka sauti ikakauka. Kisha akaenda kwa wale ambao madirisha yao yalielekea vichaka hivyo, akawauliza mmoja mmoja, bila ukali, kama walisikia. Walisikia. "Tulidhani ni wapenzi wanagombana," walisema. "Ukiingilia ya watu wawili, kesho wamepatana, adui ni wewe."

Hakuwalaumu. Alilitafakari jambo hilo siku nyingi, akalipindua huku na huku kama mtu anayetafuta mshono wa nguo, na mwisho akafikia hili: kuna neno moja tu linalomtoa mtu chumbani hata kama ana povu la sabuni kichwani.

"Kwa hiyo tudanganye," alisema msichana aliyekaa mbele, anayesoma sheria, ambaye wenzake walimwita Wakili tangu mwaka wa kwanza. "Mtu ananivuta mkono, mimi naita mwizi."

"Umedanganya nini? Anayekuvuta bila ridhaa yako, nitajie anachokuachia."

Wakili akafikiri. "Haya, hapo umenishinda. Lakini wakija wote hao, wakamkuta mtu mwingine?"

Sajini akamtazama kidogo. Lilikuwa swali zuri, naye hakuwa na jibu lake tayari. "Wewe utakuwa hakimu," akasema. "Kwanza wafike. Sasa simameni. Safari hii wote pamoja, na msisimame mpaka nipunge mkono."

Alikuwa ametengeneza njia, kwa namna alivyotengeneza kila kitu, hatua kwa hatua. Walinzi aliwaambia mchana, walipokuwa wakipokezana zamu: mkisikia kelele uwanja wa wasichana jioni, ni mazoezi. Kiongozi wa wanafunzi alimwomba atume ujumbe kwenye makundi ya simu ya mabweni yote, na kijana alituma kweli. Ujumbe ukazama chini ya ubishi wa mpira kama kokoto kisimani, lakini hilo Sajini hakulijua.

Na kulikuwa na jambo jingine. Wiki ile alikuwa ameajiri mlinzi mpya, kijana mrefu mno, aliyepewa jina la Twiga kabla hajamaliza kuwasalimia wenzake. Suruali ya sare aliyopewa stoo ilimkomea katikati ya muundi. "Hiyo suruali imekwenda likizo," walinzi wenzake walimwambia. Mchana ule, kabla ya zamu kupokezana, Sajini akamwona anavyojikunyata kwa aibu, akamwita pembeni.

"Mkeo si fundi cherehani?"

"Ndiyo, Sajini."

"Basi pita stoo, waulize kama wana ndefu zaidi. Kama hawana, ichukue na shati lake, umpelekee akushushie upindo. Urudi kesho ukiwa mtu."

Kisha, kwa kuwa alimwambia hivyo kila mlinzi mpya, akaongeza: "Na kumbuka. Ukisikia mwizi, usiulize nani wala wapi. Kimbia kwanza. Maswali utayakuta huko huko."

Twiga akaenda stoo, akakaa huko mpaka jioni akimsubiri mwenye funguo. Walinzi walipokusanyika kupokezana zamu, hakuwepo, na Sajini hakukumbuka kwamba hayupo.

"Haya!" akasema sasa. "Moja, mbili—"

Sauti za wasichana zilipanda kwa pamoja mpaka ndege wakaruka kwenye michongoma. "Mwiziii! Mwizi! Mwizi!" Hata Kengele alikuwa ametoa kitu kutoka mahali fulani, mishipa imemsimama shingoni. Sajini alisikia nywele zikimsisimka. Milango ya mabweni ng'ambo ikaanza kubamizwa. Vijana walitoka vifua wazi, wengine na kandambili, mmoja na mswaki mdomoni. Kutoka langoni ilisikika ngurumo ya pikipiki zikiwashwa.

Ni kweli, na baadaye hakujificha kulisema hilo, kwamba kwa kitambo kidogo alifurahi. "Mnaona?" aliwaambia wasichana, ameinua mkono kuwanyamazisha. "Mnaona wanavyokuja?"

Walinyamaza, lakini mbio hazikunyamaza. Na hapo akaona kwamba watu wale hawakuwa wakija uwanjani. Wote walikuwa wanapinda kuelekea njiani, kama maji yanavyofuata mfereji.

Juu ya ua wa michongoma kilitokea kichwa kimoja, kirefu kuliko vyote, kikija mbio kutoka upande wa lango. Twiga alikuwa amekwisha kufika nje, karibu na waendesha pikipiki, amevaa nguo za nyumbani, mfuko wa plastiki wenye sare kwapani, aliposikia kelele. Akageuka na kukimbia kurudi ndani, kama alivyofundishwa, bila kuuliza. Wale wa pikipiki walisikia "mwizi," wakatazama, wakaona mtu mmoja anatimua mbio na mfuko. Wakamfuata. Wavulana wa mabweni walitokea mbele, wakaona mtu anafukuzwa.

Alipomwona Sajini juu ya ua, Twiga aliinua mkono wake uliokuwa huru, mkono wa kusema nakuja, nimesikia. Mtu akarusha fimbo katikati ya miguu yake. Kichwa kikatoweka.

Sajini alikimbia. Alikuwa na magoti ya mtu aliyesimama barabarani miaka mingi, lakini alikimbia, akapenya kwenye ua badala ya kuuzunguka, miiba ikamchana mikono. Alikuwa na filimbi shingoni. Akaipuliza kwa nguvu zote, na filimbi ile ikaharibu zaidi. "Huyo, Sajini anakuja!" mtu alipaza sauti kwa furaha. "Mshikeni vizuri, asiponyoke!"

Migongo. Hakuona kitu ila migongo, na mikono inayopanda na kushuka, na sauti ile, si ya kelele, bali ya kitu kizito kinachopigwa juu ya kitu laini.

"Ni mazoezi!" alilia. "Acheni, ni mazoezi! Ni mlinzi wangu!"

Mwanamume mmoja, mwenye umri wa kutosha kuwa baba wa watu, akamgeukia akihema. Mkononi alikuwa amenyanyua shati la sare lililotoka kwenye mfuko. "Tumeona, mama! Ni ya mlinzi wako! Kaiba mpaka sare, mshenzi huyu!"

Hapo Sajini aliacha maneno. Aliinamisha kichwa, akajipenyeza kati ya miguu kama mtoto, akapata teke la mbavu, akapata jingine, na alipomfikia Twiga akamlalia juu, uzito wake wote. Fimbo iliyokuwa imekwisha kushuka haikuweza kurudi. Ilimpata karibu na jicho. Mkono wake aliokuwa amemfunika nao kichwa ukakanyagwa, akasikia kidole kikivunjika kama njiti.

Chini yake, Twiga alikuwa bado ana fahamu. Damu ilimjaa mdomoni. Alimtambua.

"Sajini," alisema. "Amekimbilia wapi?"

Akamfunika uso kwa kifua chake.

Juu yao mtu aliuliza nani ana petroli. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba kiberiti. Mwingine akajibu kwamba kwenye pikipiki yake ipo, ngoja aifungue. "Mtoeni huyo mama kwanza," akasema wa tatu. "Mama, toka, utaungua bure." Wakamshika mabega, kwa heshima karibu, wakaanza kumvuta. Akang'ang'ania shingo ya kijana yule kama mtu anayezama. Alikuwa akisema kitu, hajui nini. Baadaye Kengele alimwambia kwamba alikuwa akirudia "mwanangu, mwanangu, mwanangu."

Wasichana walikuwa wamefika. Wakili alisimama nyuma ya kundi akipiga kelele kuhusu sheria na haki ya mtuhumiwa, na hakuna aliyegeuka. Mwingine alilia tu. Kundi halina masikio; ungeweza kulipigia ngoma.

Aliyelivunja ni yule mcheshi wa maabara, na hakukusudia kuvunja chochote. Katikati ya migongo ile aliutambua mmoja. Akaudaka kwa ukosi.

"Wewe!" akasema. "Wewe si ndiye uliyekuja juzi kuniomba kikokotoo?"

Kijana alikuwa na tofali mkononi. Akageuka, macho yamemtoka. "Niache, kuna mwizi."

"Kikokotoo changu kiko wapi?"

"Kipo... kipo chumbani."

"Hujakirudisha! Na ulisema siku moja! Sasa wewe na huyo aliyelala hapo, mwizi nani?" Alikuwa analia sasa, anamtikisa. "Hakuna mwizi! Ni sisi! Tulikuwa tunajifunza kupiga kelele! Weka hilo tofali chini, nakwambia, weka!"

Kijana akalitazama tofali kama limeota mkononi mwake. Akaliweka chini, taratibu, kama anaogopa litavunjika.

Wengine wakaona. Hakuna aliyetoa amri, lakini kila msichana akaanza kutafuta uso anaoujua. "Kaka, wewe ni wa darasa letu, unakaa nyuma karibu na mlango." "Wewe, nitamwambia dada yako." "Baba, si wewe unayeniuzia vocha kila asubuhi? Mimi huyu. Ni mimi niliyepiga kelele." Wakili aliacha sheria, akamshika mkono mwendesha pikipiki aliyekuwa amechuchumaa kwenye tangi lake. "Kaka yangu," akamwambia, "kila Ijumaa unanipeleka stendi, na kila mara unaniuliza kama nimeshika vizuri. Kwa nini leo?"

Mtu yule alifunga kifuniko cha tangi, akakizungusha mpaka kikalia, akaendelea kukizungusha ingawa kilikuwa kimekwisha kufunga.

Basi kundi likaisha. Halikutawanyika kwa mbio. Liliisha tu, kama sukari ndani ya chai, likabaki watu. Watu wale walisimama wakiangalia viatu vyao. Baadhi yao ndio waliokimbia kuleta gari la taka, ambalo ndilo lililokuwa karibu, wakamnyanyua Twiga kwenye mlango wa choo uliong'olewa bawaba, wakampandisha. Mwanamume wa shati la sare alilikunja vizuri na kuliweka miguuni pa majeruhi.

Sajini alikaa ndani ya gari hilo, kichwa cha Twiga mapajani, akiwatazama wakibaki nyuma njiani. Alitaka kuwachukia. Ingekuwa nafuu. Lakini hakuna hata mmoja aliyetoka chumbani mwake kwa nia mbaya. Waliitwa, wakaja. Na neno walilolitikia hakulitoa mtu mwingine.

*

Hospitalini walimwingiza Twiga kupitia mlango wenye mapazia ya plastiki, na Sajini akaachwa kwenye benchi. Muuguzi alimfunga kidole na kumsafisha juu ya jicho.

"Nawe ulale kitandani tukuangalie, mama."

"Nitalala baadaye. Anaendeleaje?"

"Kichwani ndiko kunakotutia hofu. Kuna damu inavuja ndani. Daktari anasubiri picha, kisha ataamua kama apasue. Fahamu zimekwisha kumtoka." Muuguzi akashusha sauti. "Dereva aliyewaleta alisema mwanzo ni mwizi. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Nimeuliza tu, mama. Kwetu hapa wote ni wagonjwa."

Mke wa Twiga alifika na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, sindano imechomekwa kifuani mwa blauzi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye uso wa watu wanaotazama vitu kwa karibu. Alisimama mbele ya Sajini kwa sababu hakumwona mwingine mwenye damu.

"Wewe ndiye Sajini," akasema. Hakusalimia. "Nimepigiwa simu na jirani. Kaniambia, mumeo kakamatwa akiiba chuoni. Halafu akanitumia hii video, mtu kaichukua pale pale." Alikuwa ameshika simu kwa vidole viwili, kama kitu kinachonuka. "Nimetazama mpaka pale wanapoinua shati. Zaidi sikuweza. Mama, alichukua nini?"

Sajini alimkalisha. Akamweleza tangu mwanzo, pole pole, bila kuruka: suruali fupi, ruhusa ya siku moja, mazoezi, neno alilowafundisha wasichana, neno alilomfundisha mlinzi. Walinzi aliowaambia na yule aliyemsahau. Hakuipamba, wala hakuipunguza sehemu yake. Mwanamke alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akiukunja na kuukunjua utepe.

"Yaani hakukuwa na mwizi," akasema mwishoni.

"Hakukuwa."

"Hata mdogo."

"Hata mdogo, mwanangu."

"Heri angekuwepo." Alisema bila kupandisha sauti. "Ningejua pa kuipeleka hasira yangu. Sasa niipeleke wapi? Kwako? Tazama jicho lako."

Sajini alijua kwamba kuomba msamaha wakati ule ni kumtwisha mwenzako mzigo wa kujibu.

Simu ya mwanamke ikalia. Akaipokea, akasikiliza. "Ndiyo, mama mwenye nyumba... Hajaamka... Hapana, si hivyo... Naomba nikueleze..." Upande wa pili ulikuwa umekwisha kukata. Akaishusha simu.

"Anasema nyumba yake haijawahi kukaa mwizi. Kesho asubuhi vyombo vyetu vitakuwa nje. Anasema wapangaji wengine wanaogopa, na mtaa mzima wameiona ile video." Akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapasuka. "Akifa, nitamzika mwizi. Akipona, atarudi wapi? Hatuna pengine. Atatembea vipi kwenye mtaa ule na urefu ule, mtu anayeonekana hata akijificha? Mimi siwezi kutoka hapa, mama. Siwezi kuuacha huu mlango. Nendeni nyinyi. Mlimpa neno, nendeni mkamvue."

*

Nje ya hospitali, Wakili, Kengele na mcheshi wa maabara walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara. Walikuwa wamekuja wenyewe, wakiwa na nguo zile zile.

"Nimeandika taarifa," Wakili alisema, akiinuka upesi. "Ndefu, imekamilika. Naituma kwenye makundi yote sasa hivi."

"Itume," Sajini akasema. "Lakini mtaani kwake hawakusoma, mwanangu. Waliambiwa. Na aliyeambiwa kwa mdomo haponi kwa barua."

Mtaa ule ulikuwa wa nyumba zilizobanana, zenye vibaraza vya saruji na mtaro wa maji machafu katikati. Jioni ilikuwa imekwisha kuwatoa watu nje. Mazungumzo yalikatika walipopita: mwanamke wa makamo mwenye jicho lililovimba mpaka limefunga, na wasichana watatu nyuma yake kama vifaranga.

Mama mwenye nyumba alikuwa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hakuwakaribisha kukaa, lakini hakuwafukuza.

Sajini akaeleza. Alipofika kwenye mazoezi, mama mwenye nyumba akatikisa kichwa.

"Mimi sina ugomvi nawe. Na yule kijana alinisalimia vizuri siku zote, sikatai. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Hili halipo," Sajini akasema.

"Mtaa mzima umeona."

"Mmeona akipigwa. Kuna aliyeona akiiba?"

"Sasa kama si mwizi," mama mwenye nyumba akauliza, na hakuuliza kwa chuki, bali kama mtu anayetaka hesabu yake ikae sawa, "alikimbia nini?"

Majirani walikuwa wamesogea, wanataka jibu hilo hilo. Sajini alianza tena habari ya kelele na lango, akaona macho yao yanapotea, kwani ilikuwa ndefu, na uongo uliotangulia ulikuwa wa neno moja.

"Hakukimbia," Kengele akasema.

Hakupaza sauti. Ilibidi mama mwenye nyumba ainamishe kichwa. "Unasemaje, binti?"

"Hakukimbia, mama. Alikimbilia." Alikuwa akikazana na vidole vya mkono wake mwenyewe. "Mwizi anakimbia. Yeye alikuwa anakuja. Sisi tulipiga kelele, na watu wengi walitoka, lakini yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Kwa hiyo akawa mbele. Walimpiga kwa sababu alikuwa mbele. Alikuwa anatukimbilia sisi."

Mama mwenye nyumba alitazama maji ndani ya beseni. Akainua mguu mmoja, akaurudisha.

"Alikimbilia," akasema, kama anayeonja chumvi.

"Ndiyo, mama."

"Na aliwakimbilia nyinyi. Watoto wa watu asiowajua."

"Ndiyo."

"Mbona mtu mzima hakusema hivyo tangu mwanzo?" Akamgeukia Sajini, lakini hakungoja jibu. "Vyombo sitavitoa kesho. Sisemi zaidi ya hapo. Wapangaji wangu wana vichwa vyao, kila mmoja mtamwambia mwenyewe. Na huko kwingine mtaani mimi sina amri."

Basi wakaanza. Hodi kwenye mlango wa kwanza, hodi kwenye wa pili. Fundi viatu aliwasikiliza na kusema alijua tangu mwanzo, ingawa simu yake ilikuwa na ile video. Mzee mmoja aliwafungia mlango usoni. Mama wa watoto wengi alilia, akamkumbatia Kengele, kisha akauliza: "Lakini sare aliitoa wapi?" wakaanza upya. Kijana mmoja aliyekuwa akinyoa watu chini ya taa ya dukani aliwacheka. "Dada zangu, nani amewalipa?" Mcheshi wa maabara akafungua mdomo kumjibu jibu la kumchoma, na Sajini akaona jibu likimfia mdomoni. "Hakuna aliyetulipa," msichana akasema tu. "Tunakudai masikio, kaka. Dakika moja." Yule akazima mashine. Alisikiliza akiwa ameishika hewani, na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, akasikiliza naye. Walipoondoka, hawakujua kama ameamini.

Sajini alikuwa akitembea ameshika ukuta. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi, na kila mlango ilibidi avute. Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya mke wa Twiga, ya chini, karibu na mdomo wa simu.

"Wamemwingiza kupasuliwa. Daktari hakuniahidi kitu. Mmeanza?"

"Tumeanza."

"Wanasemaje?"

Sajini akatazama mtaa. Upande huu, taa zilikuwa zimewaka kwenye nyumba walizopita na zile ambazo hawajapita, na kwa nje hukuweza kuzitofautisha. "Mwenye nyumba hatatoa vyombo," akasema. "Wengine wanasikiliza. Wengine bado."

"Msiache."

"Hatuachi. Lakini giza linaingia, na nina wasichana wa watu."

"Warudishe," mwanamke akasema mara moja. "Warudishe, mama. Wasitembee usiku."

Kwenye kona, mwenye duka alikuwa akiteremsha mlango wake wa bati. Kwake ndiko mtaa wote hununua, mtu ambaye kila habari hupimwa kwenye kaunta yake pamoja na sukari. Sajini alimwomba asubiri kidogo.

"Nimefunga, mama," alisema. Alikuwa anajua wametoka wapi. Uso wake ulionyesha hivyo. "Na hayo mambo ni marefu. Njooni asubuhi, wateja wakiwepo. Mkiniambia mimi peke yangu sasa, kesho wataniuliza mimi, nami sitaki kuyabeba ya watu."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Wanaponunua mkate."

Bati likashuka. Ng'ambo ya mtaro zilibaki nyumba zote za upande ule, mstari mrefu, na nyuma yake njia nyingine ambayo hawakuwa wameifikiria.

"Tuanzie hapa kesho, au kule mwisho?" Kengele akauliza.

"Hapa," Sajini akasema. "Wakati wa mkate." Akamshika binti bega ili yeye mwenyewe asianguke, wakageuka kutafuta gari.